Senene wa Mjane

Mama alikataa marumaru, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Nataka ieleweke mapema kwamba shaka ndiyo kazi yangu. Naandika riwaya za historia. Nimekaa na wazee wengi wa Kagera nikiwasikiliza wakikumbuka, na nimejifunza jambo moja. Mzee akisitasita, akajikosoa, akagombana na mkewe kuhusu mwaka wa njaa, huyo anasema kweli. Lakini wazee watatu wakikueleza habari moja kwa maneno yaleyale, jua walikaa kikao.

Marumaru yalikuwa ya kaburi la baba. Niliyatoa Bukoba mjini kwa kirikuu, kigari cha mizigo cha Lukmani, fundi ambaye babu yake alitoka pwani zamani akaja kufanya biashara kwetu, akaoa, akasahau kurudi. Tulifika kijijini kwetu Muleba asubuhi, manyunyu yakidondoka. Mchapishaji wangu wa Dar es Salaam alikuwa anaandaa toleo jipya la riwaya yangu ya kwanza, kwa sababu sasa ingesomwa mashuleni, na alitaka picha ya kaburi nyuma ya jalada. Kaburi lenyewe lilikuwa tuta la udongo na msalaba wa mbao uliooza mguu. Niliona aibu kulipiga picha.

"Liache hivyohivyo," mama alisema bila kutoka jikoni.

"Mawe, watu watasema tumemtupa baba," nilimwambia, maana kwa Kihaya mama ndiye mawe.

"Watu wameshasema mengi. Mwambie huyo fundi aingie, ale."

Lukmani alinitazama, akatazama mzigo wake, akaingia kula. Mimi nilibaki kwenye kibanja, katikati ya migomba na mibuni, nikitazama makaburi ya ukoo wetu. La babu lilikuwa limepaliwa. La bibi lilikuwa limepaliwa, tena likapandwa maua. La baba lilikuwa na magugu hadi magotini. Mjane gani anapalilia kaburi la mama mkwe akaliruka la mumewe? Nilijiuliza hivyo, na nikajua kwamba sitarudi Kitendaguro nyumbani kwangu mpaka nipate jibu.

Ndani ya kaburi lile hamna mtu. Hilo si siri, kila mtu kijijini analijua. Baba yangu, Lameki, aliondoka na mgambo mwaka 1978 kwenda Vita vya Kagera, nami nilikuwa darasa la pili. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Tulingoja hadi mama akaacha kuchungulia njiani. Ndipo wazee wa ukoo wakafanya linalofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Walikata mgomba, wakaufunga sanda, wakaulilia, wakauzika kama mtu. Mchungaji alikataa kuja makaburini akisema ni upagani, lakini kwenye chakula cha matanga alikuwepo. Mimi nilitupa udongo kwa mkono wangu. Sijawahi kumlilia mtu kama nilivyoulilia mgomba ule.

Kisha Rugemalira, baba yake mdogo baba yangu na mkubwa wa ukoo wetu, akanisimulia jinsi baba alivyokufa. Alikuwa anavuka mto akiwa amembeba mgongoni mwenzake aliyejeruhiwa. Angeweza kumtua akaokoka, akakataa. Rugemalira alisema aliipata habari hiyo kwa askari mmoja mjini. Mimi nisiyemwamini hata karani anayenipa tarehe, hiyo niliimeza nzima. Niliiandika. Katika riwaya nilimwita baba Kagaruki, nikampa mto, mvua, na maneno ya mwisho ambayo wasomaji huniandikia kuwa yamewaliza. Kila ninaposimama mbele ya watu kuzungumza, hutambulishwa kuwa binti wa Kagaruki. Nami huinuka.

Sasa magugu. Niliamua kukaa siku chache. Lukmani aliniambia ana kazi nyingine Muleba mjini na angenipitia, akashusha marumaru yake nyuma ya nyumba akilalamika kwamba hajawahi kuona maiti anayekataa kupambwa.

"Siyo maiti anayekataa," nilimwambia. "Ni mjane."

"Basi mama, hapo usitafute fundi. Tafuta mshenga."

Alitania, lakini utani ule ulinikaa moyoni.

Ulikuwa msimu wa senene, panzi wanaoliwa kwetu. Walishuka kwa wingi alfajiri zile, na kila nyumba ilikuwa na mtu anayenyonyoa mabawa na miguu. Mama alinyonyoa zaidi ya wote. Aliwakaanga kwa chumvi, akawagawa. Wengine alitutilia kwenye sahani. Lakini wale wanono, waliokaangika vizuri hata mmoja hakuungua, aliwapanga kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, juu ya jani la mgomba alilolibabua motoni, akafunga kwa kamba ya mgomba iliyosokotwa.

Msomaji asiye wa kwetu ataona kikapu tu. Mimi niliwahi kuandika sura nzima kuhusu kikapu kile. Zamani zetu mwanamke hakula senene. Aliwakamata, akawakaanga, akamkabidhi mumewe kwenye kikapu kilichofungwa namna hiyo, na mume naye alipaswa kumnunulia nguo mpya. Siku hizi tunakula wote, na mjini wanauzwa kwenye vifuko vya plastiki. Lakini kufunga vile ni jambo la mke kwa mume. Hakuna mwanamke wa rika la mama anayeweza kulifanya kwa kusahau.

"Wa nani hao, Mawe?"

"Wa kanisani."

"Kanisa siku hizi linatafuna?"

Mama alicheka kidogo, akaondoka na kikapu chake. Nami nikakumbuka vitenge. Kila Krismasi ikipita, mama huwa na kitenge kipya. Mimi humletea sukari na majani ya chai, maana alishanikataza kumchagulia nguo. Mdogo wangu Projestus, anayeishi naye hapo nyumbani, hawezi kutofautisha kitenge na pazia. Nani basi anamvisha mama yangu?

Niliona haya kufikiri nilichofikiri. Mama ana miaka sabini na kitu. Lakini kazi hii ikishakuingia, huwezi kumtazama hata mzazi wako bila kumpekua. Nilimfikiria mwanamume fulani asiye na sura, anayetafuna senene wa baba yangu huku kaburi la baba likiota magugu. Hasira ilinipanda.

Asubuhi iliyofuata Projestus alifunga mikungu miwili ya ndizi kwenye pikipiki yake, na juu ya mikungu akaweka kikapu kile.

"Unakwenda wapi?"

"Ngenge, dada. Kuangalia mahindi yangu, mvua zisije zikaniharibia."

Ngenge ni huko bondeni, jua kali, watu wa mahindi na ng'ombe. Sikujua kama mdogo wangu ana shamba huko. Nilimfuata mama kisimani.

"Projestus amekwenda wapi?"

"Ngenge. Kuangalia mahindi yake, mvua zisije zikamharibia."

Mchana nilipita kwa shangazi Esther, dada yake baba, ambaye nyumba yake ipo ng'ambo ya barabara. Alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa za kutafuna kama mgeni wa heshima. Nikamuuliza hivihivi tu, nikitafuna.

"Ah, Projestus! Amekwenda Ngenge kuangalia mahindi yake, mvua zisije zikamharibia."

Kikao, nilisema moyoni. Hawa walikaa kikao.

Nilijenga kisa changu chote njiani nikirudi, kama ninavyojenga sura ya kitabu. Kuna mwanamume Ngenge, mwenye ng'ombe bila shaka. Mama ni wake kwa siri. Projestus anajua, na shangazi anajua. Wote wanangoja siku mtu huyo atakapoingia kibanjani kwetu kama mwenye nyumba, na kaburi la baba halijengwi kwa sababu watalisawazisha. Kibanja chenye makaburi ya watu wako ndicho kinachokupa jina kwetu. Ukilifuta kaburi umemfuta mtu. Kisa kilisimama imara, hakikuwa na tundu. Hilo peke yake lilitosha kunionya, lakini nilikuwa na hasira.

Nilimpigia Lukmani simu. Siku iliyofuata alinipeleka Ngenge. Njia ilitutoa kwenye baridi yetu ya migomba, tukateremka hadi kwenye joto na vumbi, na Lukmani alizungumza muda wote kuhusu binamu yake Zabibu aliyeolewa huko na kurudi kwao kwa sababu ya mbu. Sikumsikiliza. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mwanamume yule.

Pikipiki ya Projestus haikuwa ngumu kuipata. Alikuwa amelala huko, na pikipiki ilisimama nje ya kijumba cha udongo chenye bati safi, pembeni kukiwa na migomba michache iliyodumaa kwa jua. Mtu aliipanda mahali isipostawi kwa sababu tu hakuweza kuishi bila kuiona. Projestus alikuwa amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Aliponiona alisimama, mahindi yakamwagika.

"Dada, usiingie."

"Kuna nini ndani?"

"Dada Evodia, nakuomba."

Nikamsukuma. Mzee aliyekuwa ndani alikuwa anatafuna senene, kikapu kikiwa magotini. Alikuwa amekonda, amenyoa kichwa, na uso wake ulikuwa wa Projestus kabisa, kama Projestus atakavyokuwa akizeeka. Alinitazama, akakiweka kikapu chini polepole.

"Umekuwa mrefu kama mama yangu," alisema.

Sauti ile niliijua kabla sijamjua mwenyewe. Nilikaa sakafuni palepale mlangoni, na maneno yote niliyotunga njiani yakanipotea. Nililia. Sikulia kwa furaha, nisidanganye. Nililia kwa hofu, maana nilimzika mtu huyu na sasa alikuwa ananitazama.

"Tata," nilisema hatimaye, kama nilivyomwita baba utotoni. "Wewe ulikufa."

"Ndivyo ulivyoandika."

Hakusema kwa kejeli. Alimwita Projestus aniletee maji, akaningoja ninywe, kisha akanieleza kwa maneno machache, na alisitasita, na alijikosoa, na mahali pengine alikiri hakumbuki. Hapakuwa na mto. Risasi zilipoanza kulia karibu, alikimbia. Mwenzake alijeruhiwa, ndiyo, na alimwita kwa jina, naye hakugeuka. Akaogopa kurudi kwao na sifa hiyo. Akakaa Uganda, akilima mashamba ya watu, akaishi na mwanamke huko hadi mwanamke alipofariki. Aliporudi miaka mingi baadaye alipita kwa nyuma ya kibanja, na kitu cha kwanza alichokiona ni kaburi lenye jina lake.

"Mama yako alikuwa analima. Alinitazama, akaniambia, 'Nimeshakulilia, sina machozi mengine. Nenda.' Nikaenda. Sikumlaumu."

"Na sasa?"

"Alikaa na hasira muda mrefu. Baadaye akamtuma Projestus na ndizi. Baadaye tena, senene. Mtu akikuletea senene namna hii unajua umesamehewa." Alikigusa kifuniko cha kikapu. "Nami namnunulia kitenge. Sijui kama anavipenda."

"Kwa nini hukurudi, Tata? Umesamehewa, na nyumba ipo."

Baba alimtazama Projestus, na Projestus alitazama chini.

"Kitabu chako nimekisoma," baba alisema. "Yule Kagaruki ni mtu mzuri. Ningekuwa yeye, mama yako asingelima peke yake."

"Sijakuuliza kitabu."

"Basi mengine muulize mama yako."

Sikupata zaidi. Nilipoondoka alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama anayepima uzito wa boga, akaniachia. Projestus alinisindikiza hadi kwenye gari. Nilimuuliza alijua tangu lini.

"Tangu ndizi za kwanza."

"Na hukuniambia. Mimi mtoto wa kwanza!"

"Dada, ungeandika," alisema. Alikuwa amenichoka, niliona.

Katika gari Lukmani alinitazama, akanipa chupa yake ya maji, akawasha injini. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira mpya. Wote walikuwa wamenidanganya. Mama, mdogo wangu, shangazi, na huyo Rugemalira na askari wake wa mjini, ambaye sasa nilijua hakuwahi kuwepo. Mzee alitunga kifo kizuri ili ukoo usitukanwe, na mimi msomi nikakitia wino. Wameninyima baba, nilisema. Wamemficha ili wabaki naye peke yao.

Mama alikuwa anamenya ndizi za jioni, jua bado liko juu. Aliponiona usoni akajua nilikotoka, na hakuacha kumenya.

"Amekula?" aliuliza.

"Mawe! Hilo ndilo unaloniuliza?"

"Anakuwa mvivu wa kula joto likizidi. Amekula?"

"Amekula senene."

Aliitikia kwa kichwa. Nilikaa mbele yake, nikachukua kisu kingine kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi, nikaanza kumenya na mimi.

"Niambie kwa nini hayupo hapa."

Alitia ndizi aliyoimenya kwenye maji. "Alikuwa arudi," alisema. "Tulishapanga. Rugemalira aliwakusanya wazee, wakasema mtu aliyezikwa akiwa hai hawezi kuingia nyumbani mpaka kaburi lake lifukuliwe mchana, watu wakiona, mgomba utolewe hata kama umebaki udongo, na watoto wake wote wawe wamesimama pale. Wote. Tulisema tufanye baada ya Krismasi, wewe utakapokuwa likizo. Nilishanunua shuka."

"Halafu?"

"Halafu kitabu chako kikatoka."

Kisu changu kilisimama.

"Ulikuja nacho kanisani, unakumbuka? Mchungaji akasoma ile sehemu ya mtoni. Watu wazima wakalia. Ukasimama, ukasema, 'Mimi ni binti wa mtu ambaye hakumtua mwenzake.' Sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwako tangu udogoni. Ulikuwa mtoto mkimya, Evodia, mwenye mashaka na kila kitu, hata uji uliunusa kabla ya kunywa. Siku ile hukushuku kitu. Nikaona nikimfufua mume, nitamzika mtoto."

"Ungeniuliza."

"Nilitaka."

"Mngeniuliza tu! Miaka yote hii yuko kule peke yake kwenye vumbi, kwa sababu hakuna aliyenifungulia mdomo!" Nilikuwa napiga kelele, na sikujali shangazi akisikia ng'ambo ya barabara. "Kwani mimi ni nani kwenu? Mgeni? Mwandishi wa magazeti?"

Mama alifuta utomvu wa ndizi mikononi kwa gunia. Kisha akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo hafanyi mara nyingi.

"Haya. Nakuuliza leo. Tufukue kaburi, baba yako aingie?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu. Wakimwona wataelewa kwamba hapakuwa na mto."

"Ndiyo, Mawe."

"Na kitabu?"

Nilipaswa kusema kitabu si kitu. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona mchapishaji wangu, nikaona jalada jipya, nikawaona wanafunzi madarasani wakijibu swali kuhusu ushujaa wa Kagaruki, nikajiona nimesimama mbele ya watu na mtu kule nyuma akinong'ona sikioni mwa jirani. Niliyaona yote hayo, moja baada ya lingine. Mama alingoja. Kuku alipita katikati yetu, akadonoa ganda la ndizi, akaenda zake.

"Kitabu nitajua cha kufanya nacho," nilisema. "Baba arudi. Hata wiki hii. Nitashika jembe mimi mwenyewe."

Na nilimaanisha. Naapa nilimaanisha. Mama aliinama, akachukua ndizi nyingine, akaichana ganda kwa ukucha wa kidole gumba kabla ya kutia kisu.

"Atarudi," alisema. "Nitamtuma Projestus kwa Rugemalira kesho."

"Mbona unasema kwa huzuni?"

"Kwa sababu umefikiri kwanza." Hakuwa na hasira hata kidogo, na ningetamani angekuwa nayo. "Baba yako alijua utafikiri, na kwamba utajichukia kwa hilo. Ndiyo maana miaka yote hii alinikataza nisikuulize."